Hodi ya Sekunde Tano

Mimi nimeishia darasa la tatu, na nusu ya nyumba za hapa ufukweni nimezijenga kwa mikono hii. Sizunguki maneno. Dawa zangu za presha zilipokosekana zahanati mara ya pili, nilimwambia nesi, binti aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, kwamba ni mvivu, haagizi.

"Shikamoo, mzee," akasema kwanza. "Naagiza kila siku. Simu inakataa."

Akabonyeza mbele yangu. Punde ikaandika: muda umekwisha. Kisha akanionyesha barua ya ofisi inayomtaka ajieleze kwa nini haagizi dawa.

Niliondoka na aibu yangu. Sehemu ya kutuma ujumbe katika programu ile ya kuagizia dawa kwa simu aliiandika binti yangu, fundi wa kompyuta wa Mbinga mjini. Mafundi wenzake huichukua na kuitia kwenye kazi zao. Wanaiita maktaba, ingawa kitabu sijakiona.

Jumapili binti yangu akaja kunisalimia. Nikamweleza ya nesi, nikamuuliza programu inangoja jibu muda gani.

"Sekunde tano, baba. Mjini zinatosha."

"Halafu?"

"Inaacha."

"Hodi moja tu, unageuka? Nani kakulea wewe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Hodi ni tatu, na katikati unampa mtu nafasi ya kujifunga kanga. Kwa kikongwe unangoja zaidi. Mtandao wetu ni kikongwe.

"Nikiongeza, wa mjini watasema imeganda."

"Kwani ni wewe unayesimama mlangoni? Anayepiga hodi ndiye anajua yuko kwa nani. Mwachie apange mwenyewe."

Akafungua kompyuta, ugali ukapoa. Namba alizokuwa amezifungia ndani akaziweka mahali pa kubadilishwa: kungoja muda gani, kurudia mara ngapi, kupumzika kiasi gani katikati. Asiyezigusa, kwake inabaki kama zamani. Kila agizo akalipatia alama yake, ili hodi tatu za mgeni mmoja zisihesabiwe wageni watatu. Hilo sikuliwaza mimi, nakiri.

Wenye programu ya zahanati wakapanga dakika nzima, mara tatu. Nesi akatuma. Kimya. Kimya tena. Mara ya tatu: imepokelewa. Akaipiga picha, akaiambatanisha na majibu ya ile barua.

Dawa zilipofika nilimpelekea nesi usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwetu, na neno la radhi mdomoni. Nikapiga hodi. Alikuwa na mgonjwa, hakuitika. Nikapiga ya pili, nikangoja.