Nyuki kwenye Harusi ya Wambui

Vumbi likiungua juu ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, hutoa harufu ambayo pua yangu haijawahi kuisamehe. Mwezi uliopita Mama alinipigia simu nikaondoe "lile debe lako" chini ya kitanda, nyumbani mtaa wa Jericho. Nililifuta, nikabadilisha vifaa viwili vitatu vilivyokufa, nikaliwasha. Harufu ikaja kwanza. Kisha, valvu zilipopata moto, ikaja ile sauti: mmmmm. Miaka karibu arobaini, na bado lilikuwa linaninung'unikia.

Ni amplifaya. Niliiunda mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne, kwa valvu nilizochomoa kwenye redio mbovu za mtaa mzima, juu ya bati ambalo Baba aliliokota kiwandani kwao Industrial Area. Enzi hizo, Jumapili baada ya kanisa, kila aliyekuwa na mashine aliweka spika dirishani, ameikalisha juu ya mdomo wa mtungi wa maji ili besi ingurume. Kina mama waliokuwa wakisukana nywele uwanjani ndio waliokuwa mahakimu wa mashine ipi inaimba vizuri zaidi.

Yangu ilikuwa nzuri kutazama, nasema bila haya. Valvu nne nilizipanga mbele kama wanakwaya, na katikati yao nikaisimamisha transfoma, nimeipaka rangi nyekundu iliyobaki jirani alipopaka mlango wake. Okoth, tuliyeketi naye dawati moja, aliificha yake ndani ya sanduku la sabuni. Ilifanana na banda la kuku.

Dada yangu Wambui alikuwa anaolewa, na Baba alinipa neno lake: nikiunyamazisha ule mvumo wake wa mmmmm, amplifaya yangu ndiyo itakayotumika ukumbini Kaloleni. Nilibadilisha valvu. Nililehemu upya kila kiungo mpaka vidole vikajaa malengelenge. Niliilaumu spika, nikaulaumu umeme, na siku moja, Mungu anisamehe, nikaulaumu mtungi wa Mama na kuupiga teke ukapasuka. Mvumo ukabaki palepale.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi Okoth alikuja dirishani, akainama karibu na sikio langu.

"Beshte, sogeza hiyo transfoma. Imekaribiana sana na waya wa kuingizia sauti."

"Nikiipeleka nyuma nani ataiona?"

"Kwani unataka iimbe ama itazamwe?"

Nikajua ananionea wivu. Nikaongeza rangi, mkono wa pili.

Nilimhakikishia Baba kwamba mvumo utamezwa na muziki. Muziki uliumeza, ni kweli, lakini harusi ya watu wetu ni hotuba. Babamkwe wa Wambui aliposhika maikrofoni, mvumo ulipanda pamoja naye. Akakohoa, akaanza upya mara tatu. Shangazi Njeri, ambaye hajawahi kuhitaji maikrofoni maishani mwake, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wewe mtoto, hebu zima hao nyuki tumsikie mzee!"

Watu walicheka hadi vikombe vikagongana. Baba hakucheka. Alimtuma mtu Jericho kwa baiskeli, na banda la kuku likaja. Mzee alisikika hadi barabarani. Wambui alicheza na mumewe, naambiwa alicheza vizuri; mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, nimepakata bati langu, nikimchukia Okoth kwa moyo wote. Sikumsemesha hadi tulipomaliza shule, na dawati letu lilikuwa fupi.

Mwezi huo uliopita, nikiwa nimeketi sakafuni kwa Mama na miwani yangu ya kusomea, nilifungua skrubu nne, nikaihamisha transfoma hadi pembeni, mbali na ule waya. Kazi ya dakika ishirini. Nilipokuwa nikikaza skrubu ya mwisho ndipo nilipokumbuka kuinama kwake Okoth pale dirishani. Mwenye wivu angesema mbele ya mahakimu wote wa uwanjani, wacheke. Okoth alinong'ona. Jambo dogo kama hilo, mimi niliyesoma hadi chuo kikuu, limenichukua miaka yote hii.

Niliwasha, nikasubiri valvu zipate moto.

"Mbona umelizima?" Mama akauliza kutoka jikoni.

"Sijalizima, Mama. Linawaka."