Kitufe Chekundu cha Bustanini

Msimamizi wa taa za bustani yetu ya kumbukumbu, hapa Ujiji, hagusi waya. Tangu mafundi wasimike nguzo kandokando ya njia, mikono yake ina kazi moja: kukifuta kwa leso kitufe chekundu alichobonyeza mgeni rasmi siku ya uzinduzi. Kitufe hicho hakijaunganishwa na kitu chochote. Taa ni za sola, giza likiingia zinawaka zenyewe, lakini mgeni rasmi angezindua nini asipopewa cha kubonyeza? Sherehe ikaisha, viti vya plastiki vikarudishwa, yeye akabaki na kitufe. Amekitia kwenye kisanduku chenye kufuli, na ufunguo unaning'inia shingoni kama hirizi. Kila magharibi anakohoa, anatuambia kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Sogeeni, umeme huu!" kisha anabonyeza na kusubiri. Zikiwaka, anainamisha kichwa kama aliyepigiwa makofi.

Jana mvua ilimchelewesha huko mtaa wa Gungu. Aliruka kutoka kwenye bodaboda akakuta taa zote zimeshawaka, isipokuwa ile ya kwenye ngazi, ambayo haijawahi kuwaka. Akafungua kufuli, akabonyeza, akatugeukia akihema.

"Poleni sana kwa giza, ndugu zangu."

Siwema, muuza dagaa, alikuwa amekaa chini ya mwanga akikanda goti alilochubua kwenye ngazi hiyo.

"Tumeshapoa, baba. Ila giza lenyewe liko kule kwenye ngazi."

Msimamizi akakitazama kitufe, akakibonyeza tena, safari hii kwa vidole viwili.