Dakika Arobaini na Tano za Asia

Mpaka leo, mtu akimtajia Asia ndege ya Lubumbashi, anakunja uso na kumwambia anunue kitenge au aondoke. Hasira hiyo haijapoa, wala mwenyewe hataki ipoe.

Asia ni muuzaji wa vitenge pale Kapata, kwenye mji wa migodi ya shaba. Kwa miaka kumi na minane amefuata mali Lubumbashi kwa barabara, ndani ya gari la mumewe Abibu, masaa matano ya vumbi na malori ya shaba. Ndege alikuwa akiziona juu tu.

Siku hiyo simu ililia baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa mdogo wake Zakaria, aliyekaa na mama yao Lubumbashi na kumwita dada yake huyu Yaya.

"Yaya, mama alitutoka. Tutazika kisha adhuhuri. Kuya mbio, ni weye utamuosha."

Lilikuwa agano. Zamani, walipomwosha marehemu bibi, Asia ndiye aliyeshika jagi, na mama akamwambia: "Siku yangu ni weye, na maji ya moto kidogo. Mi sipendi baridi."

Abibu alikuwa ameshawasha gari. "Panda. Mbele ya saa tano tutafika."

"Na camion ya shaba ikianguka mu njia na kuifunga?" Asia alikataa. "Ndege ya saa mbili inapiga dakika makumi ine na tano tu."

Abibu akamshusha uwanja wa ndege, akarudi. Saa mbili ikapita. "Iko nakuya, mama," alisema karani wa tiketi. Saa tatu, jibu lilelile: inakuja. Kumpigia Abibu arudi na gari? Barabara isingemfikisha tena kwa wakati. Saa nne ikajulikana kwamba ndege inawasubiri wakubwa wa mgodi fulani, wanamalizia mkutano. Asia akapandwa na mori.

"Mama yangu iko nangoja maji, na weye unaniambia iko nakuya!"

Karani aliinamia simu yake.

Iliruka saa saba kasorobo. Na, hebu fikiria ujeuri huu, ilitumia dakika arobaini na tano kamili, haikuzidi hata moja. Hilo ndilo linalomchoma hadi leo. Kwa dakika hizo, hakuna aliyemdanganya.

Nyumbani aliwakuta wanaume wamerudi makaburini, udongo mwekundu ungali viatuni mwao. Bilkisi, mke wa Zakaria, akamshika mikono.

"Yaya, tulikungoja. Ni mi nilimuosha."

"Na maji gani?"

Bilkisi alitazama chini. "Ya baridi. Bantu ba kuzika balikuwa banatuharakisha."

Asia aliichomoa mikono yake. Alimchukia Bilkisi, akamchukia karani, akajichukia yeye mwenyewe kuliko wote. Akaenda uani, akawasha makaa kwenye mbabula, akabandika sufuria ya maji. Yalipopata moto kidogo aliyapima kwa kiganja, kama mama alivyomfundisha.

Yalikuwa sawasawa. Akayamwaga yote chini.