Mchuzi wa Wanawake Watatu

Bi Mize wa Chole mnamjua kwa utani wake. Upweke wake hamuujui. Sogeeni niwape habari ya mchuzi.

Hifadhi ya bahari ilipokuja na uvuvi wa juya, ule wavu wa kukokota, ukakatazwa, shemeji zake walihama na wake zao. Mumewe akafariki, binti yao Amina akaolewa Temeke. Nyumba ile ikabaki na Mize na chungu kidogo.

Siku moja Amina akapiga simu. "Mama, Ijumaa tunamsomea baba hitima. Nataka kupika ule mchuzi wetu wa pweza. Nielekeze."

Mize akasema simu inakatika, akaizima.

Si choyo, jamani. Mchuzi ule ulipikwa na watatu. Mize alikuna nazi na kukamua tui. Wifi yake Kidawa alisaga viungo. Chungu kilikuwa cha mama mkwe, Mungu amrehemu, na aliyesogea kuchungulia alikula mwiko wa mgongo. Miaka yote Mize aliuita mchuzi wangu, na hajapata kuupika peke yake.

Kesho yake akavuka kwenda kisiwa cha Juani kwa Kidawa.

"Wifi, leo umekumbuka njia?"

"Nimekuja kukuibia."

"Utaiba nini? Kuku wa mwisho kaliwa na kicheche."

Mize akamweleza. Kidawa akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akavitaja viungo vyake: binzari nyembamba, pilipili manga, kitunguu thomu.

"Na ndimu?"

"Ndimu na chumvi vya mama. Wala sijui alitangulia kutia tui au pweza. Mimi nilikuwa uani, nasaga."

Waliobaki ndio hao wawili.

Mize akampigia Amina palepale. Akamwambia waliyoyajua, na wasiyoyajua akayakisia, kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Jumamosi simu ikalia, Mize yuko barazani peke yake.

"Mama, watu wamekula, wamelamba na sahani."

"Umefanana na wa nyumbani?"

"Sikumbuki, mama. Nilikuwa mdogo. Wewe ndiye unayejua."

Mize safari ya Dar haiwezi tena, magoti yamekataa. Hata tone la mchuzi ule hakuonja.

"Ndio wenyewe, mwanangu," akasema. "Uupike hivyohivyo."