Mguu wa Kushoto wa Bibi

Juzi nilisimama dukani Mwanjelwa, hapa Mbeya, na binti yangu wa miaka kumi na tano, tukisoma makopo. Yeye alikuwa na losheni mkono huu na krimu mkono huu, na alitaka nimwambie ipi inafaa uso wake. Nilisoma polepole, maana maandishi ya nyuma ya makopo siku hizi yanaandikwa kwa ajili ya macho ya sisimizi. Maji. Gliserini. Nta ya nyuki. Mafuta ya parachichi. Halafu yakafuata majina marefu ambayo hata ulimi unakataa.

Muuzaji aliona tunachelewa, akatoa chini ya meza kikopo kisicho na karatasi wala maandishi. "Jaribu hii, mama. Haichubui, inang'arisha tu." Akafungua kifuniko. Harufu ilitoka tamu kama pichesi lililoiva kupita kiasi, na nyuma yake kulikuwa na ukali kidogo unaopanda puani. Rafiki yangu, miaka thelathini ilinitoka palepale. Nilijiona nimekaa kwenye jiwe la kuanikia mahindi nyumbani kwa bibi, Iringa, miguu wazi, jua la saa nne likinipiga magotini bila kunipa joto lolote.

Kijiji chetu ukitoka Ipogolo unapanda, unaendelea kupanda, mpaka masikio yanaziba. Wazazi wangu walikuwa Ubaruku kwenye mpunga, na sisi wajukuu sita tulilelewa na bibi mzaa baba kule juu kwenye baridi. Mwezi wa sita ukungu ulikuwa unalala bondeni mpaka saa tatu. Tuliamka na harufu ya moshi na uji wa mahindi, kuku wamejikunyata kwenye majivu, na tuliweza kuongea huku tunaona maneno yetu yakitoka mdomoni kama mvuke wa chungu.

Baridi ile ilikuja na upepo mkavu, na upepo ulikuja na mapauko. Ngozi ilikuwa nyeupe kama imepakwa unga. Sisi watoto tuliona ni bahati, maana tuliandika miguuni. Ulichukua kijiti, ukachora ugokoni, mstari mweupe ukabaki. Nilijifunza kugawanya kwa mguu wangu wa kulia kabla sijanunuliwa daftari la kutosha. Mwalimu wetu hakupenda. Asubuhi mstarini alipita akitazama miguu, na aliyepauka alirudishwa nyuma ya darasa. Alisema mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na mtu.

Bibi hakukubali kusikia hivyo. Alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, limekwisha maandishi kwa kusuguliwa, na ndani yake ndimo yalimokaa mafuta yetu. Yalipokwisha alichanganya mengine siku ya Jumamosi. Nilikaa naye jikoni, kazi yangu ikiwa kukoroga upande mmoja tu bila kugeuza mwiko. Mafuta ya alizeti, alisema, ni mepesi, ngozi inayanywa mara moja na kusahau. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanakaa, ila peke yake yananata mpaka vumbi lote la njiani linakufuata nyumbani. Nta aliyoletewa na muuza asali ndiyo ilifunga vyote viwili visikimbie. Mafuta ya kondoo yalishinda yote kwa kukaa, lakini tulipoyapaka mwaka mmoja, wenzetu walitulilia mee-mee njia nzima ya shule, na bibi akayaacha kwa huruma. Gliserini ya dukani alikuwa nayo pia, chupa ndogo, lakini alitupaka tukiwa bado na maji mwilini. Ukiipaka kwenye ngozi kavu, na upepo ule wa Iringa, itakunywa wewe. Nilipokuja kusoma mambo haya ukubwani, sikukuta mengi ambayo mwiko wa bibi haukuwa umenifundisha.

Mchanganyiko mpya haukuguswa siku hiyo. Jumapili asubuhi bibi alipaka mguu wake wa kulia mafuta ya zamani yaliyobaki, na mguu wa kushoto yale mapya. Alivaa kitenge chake, akaenda kanisani, akaimba, akarudi. Mchana alikaa kwenye jiwe, akatuita, akajikwaruza kwa ukucha mguu huu na mguu huu. Ukitokea mstari mweupe, mafuta yamekimbia. Usipotokea, yamekaa. Sisi tulishangilia kama watu walio kwenye mpira. Jumatatu ndipo tulipopanga foleni mlangoni kupakwa, mdogo akitangulia. Sikuwahi kumuuliza kwa nini mguu ulikuwa wake siku zote, wakati miguu ya kujaribia ilikuwa kumi na miwili pale uani.

Mwaka wangu wa kumi, baridi ikiwa imeshika, shangazi alikuja kutoka Mbeya. Huyu ni binti wa mwisho wa bibi. Niliposikia akisalimia "Kamwene!" kwenye njia ya mahindi nilikimbia, nikasimama. Alikuwa ameng'aa. Uso wake ulikuwa wa njano, laini kama ganda la ndizi, na mimi niliyeambiwa kila siku na jirani kwamba nimechukua weusi wote wa bibi nikawaachia wengine urembo, nilimtazama mpaka akacheka. Vidole vyake tu, kwenye maungio, ndivyo vilivyobaki vyeusi, kama vya mtu mwingine. Kwenye mkoba wake alikuwa na kikopo kisicho na maandishi. Kilinukia pichesi.

Nitakuambia ukweli, maana sijawahi kuusema kwa raha. Sikutaka kukiiba kwa ajili yangu peke yangu. Nilitaka tung'ae wote, wale wadogo, mimi, na bibi mwenyewe, ili jirani akose la kusema na mwalimu akose wa kumrudisha nyuma. Bibi alikuwa amenifundisha kwamba kila kitu kizuri kinaongezwa koponi, kinakorogwa upande mmoja. Kwa hiyo Jumamosi ile, bibi alipotoka kuangalia njegere na shangazi akiwa kisimani, nilichota mkorogo ule vijiko viwili vilivyojaa, nikautia kwenye mafuta ambayo yalikuwa bado ya vuguvugu. Nilikoroga vizuri sana. Rangi haikubadilika. Nilifurahi kama mpishi.

Jumapili bibi alienda kanisani kama kawaida. Mchana hakukaa kwenye jiwe wala hakutuita. Alipita moja kwa moja jikoni, akabeba kopo zima, akalimwaga kwenye shimo la choo. Alisema yameharibika kwa baridi. Wiki ile alichechemea, akatuambia uji ulimmwagikia mguuni, nami niliamini, nikamsaidia kubeba kuni kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini nilimkasirikia, na hilo ndilo linaloniuma. Nta ilikuwa imekwisha, muuza asali hakupita mpaka wiki mbili baadaye, na wote tuliokuwa shuleni tulirudishwa nyuma ya darasa, weupe kama magunia ya unga. Nilimnunia. Nilikataa kukaa naye jikoni. Niliona ametunyima uzuri kwa uzembe wake, mwanamke mzee asiyejua kutunza mafuta. Yeye jioni aliendelea kuniachia ukoko wa ugali ninaoupenda.

Bibi alifariki mwaka juzi. Shangazi ndiye aliyemwosha, pamoja na akina mama wa jumuiya. Shangazi mwenyewe sasa ni mtu mzima, mashavu yake yana mabaka ya kahawia ambayo hayataki kutoka, na anajipaka mafuta ya mgando matupu, basi. Baada ya mazishi tulikaa wawili tukimenya viazi. Akaniuliza kama nimewahi kuona mguu wa kushoto wa mama yake bila kitenge. Nilisema sijauona tangu mwaka wangu ule wa kumi, maana baadaye alijikwaruzia ndani, peke yake.

"Una doa," alisema. "Jeupe, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Paliungua mpaka nyama, pakapona hivyo."

Nilidhani anaongelea uji. Aliweka kisu chini.

"Uji gani? Jumapili ile, kabla hajamwaga mafuta, alinifuata chumbani na lile kopo. Alishajua, alinusa. Akanionyesha kikopo changu, akaniuliza, mwanangu, hiki unachopaka kina nini ndani? Nilikuwa nakipaka miaka minne, na sikuweza kumtajia kitu hata kimoja. Akalia. Halafu akasema, mtoto asiambiwe, atajiona mwuaji."

Viazi vilinishinda. Nilitoka nje nikaenda kwenye lile jiwe, nikakaa. Sisi sita, mdogo wetu akiwa na miaka miwili na ngozi laini kama utando wa maziwa, tungepanga foleni Jumatatu mlangoni na kupakwa kuanzia yeye. Miaka yote nilidhani mguu ule ulikuwa wa kupima mafuta yapi yanakaa.

Lile kopo la maziwa ya unga halipo tena. Nililitafuta stoo, kwenye dari, nyuma ya banda la kuku, mpaka watu wakaona nimechanganyikiwa na msiba. Muuza asali hapiti tena. Watoto wa kijijini siku hizi wana losheni, na ni vizuri, hakuna anayegawanya hesabu kwenye mguu. Jirani yetu aliyekuwa akinitania ndiye aliyenikumbatia kwa muda mrefu kuliko wote siku ya mazishi, na akaniambia nimefanana na bibi kabisa. Sikuwahi kupewa sifa iliyonifurahisha zaidi.

Pale dukani nilimrudishia muuzaji kikopo chake. Nilimuuliza kina nini ndani. Akasema, "Aah, mama, ni mchanganyiko tu." Alisema vilevile kama shangazi angesema, na sikuwa na hasira naye, nilimwonea huruma, maana vidole vyake kwenye maungio vilikuwa vyeusi.

Tulichukua ile krimu yenye nta na parachichi. Lakini mle ndani kulikuwa na majina mawili ambayo sikuyajua, na simu ya binti yangu nayo haikutupa jibu la kuridhisha. Tulipofika nyumbani alishaikata lakiri, amechota kwa kidole, kioo kiko mkononi.

"Subiri," nilimwambia. Nikakaa kitandani, nikavuta gauni mpaka gotini, nikamnyooshea mguu wa kushoto. "Nipake mimi kwanza. Wewe utapaka keshokutwa."

Alicheka, akaniuliza kwa nini mimi na si yeye, uso si wake? Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyaficha. Alipiga magoti, akanipaka taratibu, akijua kwamba kuna jambo na hajui ni lipi, na mimi nikaanza kumsimulia habari za mguu wa mwanamke mmoja wa Iringa.