Ndizi za Dumila

Mimi ni mtu wa tumbo, sikatai. Kiwanda kilipotupunguza kazini, miaka ile ya ruksa ya kila mtu kufanya biashara, niliingia barabarani na furushi la mitumba, na kitu cha kwanza nilichojifunza katika biashara ile ni wapi panapikwa nini. Gairo nilikula viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake. Dodoma walinizoesha ugali wa uwele na mlenda, mpaka nikaacha kuukunjia pua. Kilosa niliijua nyumba moja ya kupata kambale wa kukaushwa kwa moshi, aliyeungwa kwa karanga. Wenzangu walishinda njaa ili mtaji ukue. Mimi nilikula kwanza, nikajipa moyo kwamba mla ni mla leo.

Pamoja na majigambo yote hayo, chakula kilichonishika kuliko vyote nilikuwa nimekila kabla ya safari hizo, ukweni kwangu Matombo, kwa Waluguru wa milimani. Ni ndizi mbichi za nazi tu, lakini mama mkwe wangu alizichanganya na magimbi, akayaacha yapondeke yenyewe mpaka mchuzi uwe mzito, kisha akatia iliki na pilipili manga za shambani kwake, alizozitwanga wakati uleule. Sikuwahi kumwona akipika. Kwao mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hakai mahali ambapo mkwe anatafuna. Mimi niliwekwa chumba cha mbele, shemeji akaleta sinia, mlango ukarudishwa. Tukikutana njiani, mmoja alipisha kando, na shikamoo ikapita huku tumeinamisha macho. Kwa miaka yote ile nilimjua kwa ulimi kuliko kwa sura.

Nilipotoka kiwandani, mke wangu na mimi tulikubaliana tusiwaambie kwao. Tuliona aibu. Mkwe wa kiwandani alikuwa mtu wa kutajwa mbele za watu, na mkwe wa mitumba hatukujua angetajwaje. Msaada tuliokuwa tukimpelekea mama ukakoma. Tukasingizia barabara, tukasingizia mvua, na yeye hakuuliza neno.

Basi siku moja, nikielekea Dodoma, gari letu likapata pancha Dumila. Nikashuka na furushi langu begani, maana simwachii mtu, nikaingia kwenye banda lililokuwa na watu wengi. Mbele palikuwa na mabenchi, nyuma jiko, na katikati pazia la viroba vilivyoshonwa pamoja. Aliyegawa chakula alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi.

"Kuna wali maharage, kuna ugali nyama," alisema. "Na kuna ndizi za Kiluguru. Mwenzangu huyu jikoni anatokea huko milimani."

Nikaagiza ndizi. Nilipoonja tu nilifurahi kama mtu aliyerudi nyumbani, na nikifurahi mimi huwa sinyamazi.

"Huyu mpishi ana mkono!" nikapaza sauti ili anisikie huko jikoni. "Jamani, mwulizeni kama ana binti. Kama anaye naoa leo hii, mahari ni furushi hili!"

Benchi zima likacheka. Mama mnene akagonga pazia kwa kiganja. "Mwenzangu, umesikia? Umepata mkwe!"

Mwiko uliokuwa ukigongagonga sufuria ukanyamaza. Nami, kwa kiherehere changu, nikadhani mpishi anaona haya kwa kusifiwa. Nikatupia furushi begani, nikainuka na sahani yangu mkononi, nikafunua pazia ili nimwombe mchuzi mwenyewe.

Alikuwa amechuchumaa kwenye mafiga. Alivuta khanga usoni na kugeukia ukuta, lakini nilikuwa nimeshamwona. Mdomoni bado nilikuwa natafuna. Sikumbuki kama nilimeza au nilitema. Nakumbuka masikio yalivyoniwaka moto. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, na changu siku ile kilitamani kukatika kidondoke.

Nikampa mgongo. Tukabaki hivyo, kila mmoja akiangalia upande wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nazi ilianza kuungua kwenye sufuria. Hakugeuka kuiepua, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nimesimama pale. Nilisikia abiria wakiendelea kucheka kule mbele.

"Mwenzio asijue, baba," alisema taratibu. "Anajua niko shamba. Na kijijini nimewaaga kwamba namwuguza ndugu."

"Hatajua, mama."

"Kiwandani hawajambo?"

Furushi lilikuwa begani kwangu, na shati moja la kike lilikuwa limechomoza mkono wake mpaka kifuani pangu. "Hawajambo," nikasema. "Nimepewa likizo."

"Haya. Likizo njema, baba."

Nikatoka. Kumlipa ilikuwa kumgeuza mama mkwe wangu muuzaji, na kutomlipa ilikuwa kumlia mtaji wake, mtaji aliolazimika kuutafuta kwa sababu yetu. Nikaiacha noti chini ya sahani kama mwizi, nikaenda kusimama juani karibu na basi.

Wiki kadhaa baadaye nilipita tena Dumila. Nilikuwa nimejipanga kupiga hodi kwa mbali na kumweleza ukweli wa kiwanda kupitia kwa mwenzake. Kwenye mabenchi palikuwa na watu wawili tu. Mama mnene hakunikumbuka, maana abiria ni wengi. Nikamwuliza kuhusu ndizi za Kiluguru.

"Mpishi wake ameondoka," alisema. "Nilimsihi sana. Akasema mkwe wake anapita barabara hii, na yeye hawezi kupika huku anashtuka kila akisikia sauti ya mwanamume."

"Ameenda wapi?"

"Hakusema. Alikuja huku ili awe mbali na kwao. Sasa sijui ataenda wapi palipo mbali zaidi."

Sikumwambia mke wangu, kwa kuwa niliahidi. Biashara ile niliifanya miaka mingine kadhaa, nikafika miji mingi ambayo vyakula vyake sivijui mpaka leo. Nilinunua hindi la kuchoma, nikalila nimesimama kando ya basi. Mabanda niliyapita mbali, kwa kuwa huenda alikuwamo katika mojawapo, na mimi ningeingia na kumhamisha tena.