Siku Niliyomgeuza Mpelelezi Kuwa Muuaji

Kuna watu wa Muyinga mpaka leo wakiniona wananiuliza polisi walihongwa shilingapi, nami nacheka nao, lakini aibu bado inanichoma, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mimi ni wa Gitega, natafsiri filamu kwa Kiswahili kwa maiki, papo hapo watu wakitazama (nimekulia Tanzania, mdomo ninao). Hajji Salimu, mwenye duka na ukumbi wa video kule Muyinga, alinipa jaribio: nikiwaridhisha watu siku hiyo, Jumamosi zote ni zangu. Nyumbani nilishaaga kama mtu aliyekwisha kuajiriwa! Filamu alichagua anayoipenda yeye, ya nyeusi na nyeupe, ya enzi zile filamu ndiyo kwanza zimeanza kutoa sauti: tajiri anauawa jumbani kwake, muuaji hajulikani.

"Kaa uitazame kwanza, kijana," akaniambia.

Nikamjibu haina haja, Hajji, nikaenda zangu kula brosheti, mishikaki yetu ya huku.

Basi ukumbi ukajaa. Kumbe filamu zile hazina ngumi, watu wamekaa tu sebuleni wanaongea, tena mbio mbio, sauti inakwaruza (na Kiingereza changu, niseme ukweli, ni cha kuombea maji), watazamaji nao wanapiga kelele, "Stering ni nani? Adui iko wapi?" Nikaona kijana mtanashati, suti imemkaa, nikasema stering huyo, shujaa wetu! Mara akaingia mzee wa kofia, hacheki, anapekua droo za watu, anakagua zulia kwa kioo cha kukuzia, nikasema muuaji huyo jamani, anafuta ushahidi! Wakamzomea kila alipotokea, nami nikazidi kunogewa.

Mwishoni yule mzee akawakusanya wote sebuleni, polisi wakaingia, nikapaza sauti: "Leo ndiyo leo, muuaji anakamatwa!"

Polisi wakampigia saluti mzee wa kofia, wakamfunga pingu stering wangu.

Hapo mwenye akili angeomba radhi, lakini mimi nikishaamua nimeamua, nikasema, "Polisi wamehongwa!"

Mama mmoja wa mbele akasimama kunipinga. "Mais non! We iko unatudanganya tangu mwanzo! Huyu muzee wa kofia njo alikuwa anatafuta muuaji!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, kisha wakadai viingilio vyao, na mimi bado nimeng'ang'ania maiki naeleza rushwa ilivyopitishwa, mpaka Hajji akaja mwenyewe akachomoa waya.

"Jumamosi nitampa mwingine," akasema taratibu. Afadhali angenifokea.

Nilimwomba filamu ile, akanipa kwenye flash huku akitikisa kichwa. Nimeitazama hapa Gitega mpaka mke wangu ameichukia, na Kiingereza nimeanza kujifunza. Naapa sitafungua mdomo tena kwa filamu ambayo sijaiona mpaka mwisho. Jumamosi hii nakwenda Muyinga, sijaitwa. Nitalipa kiingilio, nitakaa na wale wale walionicheka, na filamu ikiisha nitamfuata Hajji nimwombe tena maiki.